Kushona kofia za mkono macho yakififia na vidole vikiuma: nawezaje kuendelea?

Bibi wa Unguja

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 67, na tangu ujana wangu nashona kofia za viua, yaani vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, kwa mkono, si kwa biashara, bali kwa sababu naipenda kazi hii na wanaume wa nyumbani kwetu wamezoea kuvaa kofia ya Idi iliyotoka mikononi mwangu. Sasa mambo mawili yananizuia. La kwanza ni macho: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe nauona kama umefunikwa na ukungu, mchoro wa penseli unanipotea, na kutunga uzi sindanoni kunanichosha kuliko kushona kiua chenyewe. La pili ni mikono: shina la kidole gumba cha kulia linauma ninapobana sindano, na asubuhi vidole hukakamaa kwa muda mfupi kabla havijalegea. Watoto wangu wananisihi nipumzike, na najua wanasema kwa mapenzi, lakini kofia moja huchukua miezi na miezi hiyo ndiyo inayonituliza moyo. Nanunua miwani ya kusomea inayouzwa barabarani, na kila nikiongeza nguvu naona bado haitoshi. Wenzangu mnafanyaje?

Mpima Macho, Tanga

Shikamoo bibi. Nitajibu upande wa macho tu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kushindwa kujirekebisha ili ione vitu vya karibu, na kwa umri wako uwezo huo umekwisha karibu wote. Kwa mtu anayeona mbali vizuri bila miwani, miwani ya +2.50 huona vyema umbali wa sentimita 40, ambao ni umbali wa kusoma kitabu. Mshonaji wa viua hushika kazi karibu zaidi, pengine sentimita 30 au 25, na kwa sentimita 25 huhitajika +4.00. Kwa hiyo, mwombe mjukuu akupime kwa futi ya fundi kutoka jichoni hadi kwenye sindano wakati unashona kwa namna uliyozoea, kisha umpelekee kipimo hicho atakayekupima macho. Miwani ya namna hiyo hufifisha vitu vya mbali, basi ivue kabla hujasimama, hasa penye ngazi.

Hata hivyo, ukungu unaoueleza unanitia wasiwasi, kwa sababu jicho ambalo haliridhiki hata nguvu ya miwani ikiongezwa mara nyingi lina tatizo jingine, na kwa umri wako mtoto wa jicho ndiye wa kufikiriwa kwanza. Nakuomba usinunue miwani nyingine kabla ya kuchunguzwa ndani ya jicho, kupimwa presha ya jicho na kupimwa sukari. Ikiwa ni mtoto wa jicho, upasuaji wake kwa kawaida ni mfupi, hufanywa kwa ganzi, na lenzi iliyochafuka hubadilishwa kwa ya bandia. Mweleze daktari kabla ya upasuaji kwamba unashona, kwa maana ndiye atakayechagua nguvu ya lenzi hiyo. Nyingi huwekwa kwa ajili ya kuona mbali, na bado utahitaji miwani ya karibu. Wala usijitilie matone ya dukani bila kuandikiwa, kwani yenye steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho na hata kusababisha huyo huyo mtoto wa jicho.

Kijana wa Malindi

Shikamoo bibi. Siku hizi kuna kofia nzuri sana za cherehani. Kwa nini usihamie huko ukapumzisha macho?

Somo wa Lamu

Mwanangu, nimekuelewa, lakini bibi hakuuliza namna ya kupata kofia. Ameuliza namna ya kuendelea kushona.

Mwenzangu, mimi nimekutangulia kwa miaka michache na bado nashona. Tandika kitambaa cheusi mapajani kabla ya kuanza, kwa sababu kila tundu litaonekana jeusi katikati ya weupe, na hilo pekee lilinirudishia kazi niliyodhani imenitoka. Kaa barazani asubuhi, kivulini, mwanga ukiingia kutoka upande wa mkono usioshika sindano ili usijitilie kivuli. Usiku mimi sishoni kabisa. Uzi nautungiwa na wajukuu kabla hawajakwenda shule: sindano nyingi kwa mkupuo, zikachomekwa kwenye kitakia, nami naupitisha kila uzi kwenye nta ya nyuki usijisokote.

Jambo kubwa zaidi ni kugawana kazi. Tangu zamani mmoja huchora, mwingine hushona viua, mwingine akaunganisha duara la juu na ukanda wa pembeni. Mpe binti mwenye macho makali kuchora na kutoboa, nawe ubakie na viua.

Mtaalamu wa Viungo, Mombasa

Shikamoo mama. Maumivu kwenye shina la gumba, pamoja na kukakamaa kunakokwisha upesi asubuhi, mara nyingi hutokana na kuchakaa kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, la kiungo hicho. Kukakamaa kukidumu zaidi ya muda wa saa moja, au viungo vya mikono yote miwili vikivimba, muone daktari mapema, kwa maana huenda ikawa baridi yabisi, ambayo inahitaji dawa zake. Ganzi ya usiku kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata ni ugonjwa mwingine, wa mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono.

Kinachoumiza gumba ni kubana. Kata ncha ya glovu ya mpira uivae kwenye kidole cha shahada: sindano itashikika bila nguvu, na subana ibaki kwenye kidole cha kusukumia. Loweka mikono katika maji ya uvuguvugu kabla ya kazi, pumzika kila baada ya dakika 20 kabla maumivu hayajaanza, na uulizie gango dogo la gumba, yaani kifaa cha kulishikilia lisijipinde. Vidonge vya diklofenaki visiwe mazoea ya kila siku, hasa kwa mwenye presha au vidonda vya tumbo.

Bibi wa Unguja

Marahaba wanangu, nawe somo, Mungu akuzidishie. Nitakwenda kupimwa macho kwanza. Swali moja limebaki: anayetoboa akiwa mwanafunzi, matundu hayatatofautiana ukubwa?

Somo wa Lamu

Mwanzoni yatatofautiana. Mpe ukanda wa pembeni aanzie kwenye kipande cha majaribio, na atumie sindano ile ile kwa kofia nzima, akiizamisha hadi alama uliyoizungushia uzi. Tundu dogo utalipanua mwenyewe unaposhona. Kubwa ndilo lisilorekebishika, basi mwambie akosee kwa udogo.