TUPEANE UZOEFU: mteja akileta kitambaa cha nyuma cha kuvreli na ni kidogo, unafanyaje?

Fundi wa Nguba, Bukavu
Bamama na bakaka wa kutiri (ushonaji), salamu zenu. Leo tuongee ile shida ya kitambaa cha nyuma cha kuvreli (tandiko la kitanda, uso wa viraka unashonwa pamoja na kitambaa cha nyuma), juu naona inasumbua wengi. Mteja anakuletea uso umeshonwa vizuri kabisa, viraka vya kikwembe (kitenge) vimekaa sawa, halafu kitambaa cha nyuma kimelingana na uso kamili, anakuuliza "si kinatosha?" Kwa mashini ya pedali labda utajikaza. Kwa ile mashini ya mkono mrefu, ile kitambaa kinanyooshwa kwenye rola na kichwa cha mashini ndo kinatembea, hakitoshi hata kidogo. Unahitaji ziada ya sentimetri 10 kila upande. Juu na chini vinapigwa pini kwenye kanvasi ya rola, pembeni vinakamatwa na vibanio, kitambaa kikikosa upana kichwa kinagonga kibanio na mustari unapinda palepale. Tena kwenye ile ziada ndo tunajaribia uzi kama umekaza sawa kabla ya kugusa kazi ya mtu.

Na hata mteja akinunua pisi nzima bado. Chukueni kuvreli ya sentimetri 220 kwa 240. Pisi ya yadi 6 ni kama metri 5,49, ukikata katikati unapata vipande viwili vya metri 2,74. Upana wa kikwembe tuseme 115, mara mbili 230, mshono unakula 3, unabaki na 227 na bado sijatoa zile kingo ngumu za pembeni. Ukiweka na ile ziada unahitaji 240 kwa upana na 260 kwa urefu. Urefu unazidi 14 bure na upana unakosa 13! Mwambie mteja amemaliza pisi na kitambaa hakitoshi, uone sura yake. Nyinyi mnafanyaje?

Mama wa Katindo, Goma
Mimi naingiza ukanda. Kwa ile hesabu yako nakata ukanda wa 16 juu sasa mishono inakuwa miwili. Namuomba mteja mabaki ya viraka vya uso, nayaunganisha mpaka yafike urefu wote, nayaweka katikati ya zile lé (vipande vya nyuma) mbili lakini si katikati kabisa, nasogeza upande mmoja, inakuwa kama ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Wateja wangu wengi sasa wanaiomba wenyewe, wanasema kuvreli iko na sura mbili.

Ila mshono fungua na pasi, ulale pande zote mbili. Umeme ukikosa mimi natumia pasi ya makaa, napitisha kwanza kwenye kitambaa kingine isije ikaacha majivu kwa kazi ya mutu. Na ukipandisha kwenye mashini, ile mishono mirefu ilale sambamba na rola. Ukiisimamisha, kila rola ikizunguka mshono unajikunja juu ya mshono, pale katikati panavimba na pembeni kitambaa kinalegea, utapata mikunjo nyuma ambayo hauioni mpaka umalize.

Kadutu Kutiri, Bukavu
Mama wa Katindo umesema kweli, ukanda ni mzuri. Lakini kama kitambaa kinazidi uso kidogo, tuseme sentimetri 4 kila upande, sioni haja ya kukikata katikati. Nachukua dra (shuka) nzee napasua vipande vya upana wa mkono, nashonea pembeni zote kwa mshono wa muda, hatua ndefu, vibanio vinashika ile dra. Kazi ikiisha nafumua, dra naweka kwa kazi ingine. Muhimu mshono wa dra ukae nje ya uso, usiingie chini yake.

Kenye kwangu ni mwiko ni kupunguza uso wa mteja ili ulingane na kitambaa cha nyuma. Ule mama amekaa usiku kushona vile viraka, wewe ukate mustari mzima?

Yaya wa Katuba, Lubumbashi
Kuko ile ya kukata kona kwa kona, inasaidia sana kwa vitanda vya watoto. Blanketi ya 110 kwa 200, mteja amenunua nusu pisi, yaani 115 kwa 274. Upana unahitaji 130, urefu 220. Kata kutoka kona mpaka kona, sasa sukuma kipande kimoja kufuata ule ule mustari wa kukata mpaka upana uongezeke 20. Urefu unapungua karibu 48. Shona, kata zile pembe mbili zinatokeza, unabaki na kama 132 kwa 226. Bila kununua kitu!

Angalisho moja kubwa: ile kingo iliyokatwa mshazari inavutika vibaya. Mimi napiga amido (wanga) na pasi kabla ya kukata, halafu napiga pini karibu karibu, na sivuti kabisa wakati wa kushona, naacha mashini ibebe yenyewe.

Fundi mdogo, Birere, Goma
Mimi wateja wangu wanakimbilia dra za balo (mitumba) juu ni pana, hazina mshono. Nyingine nzuri, ila zile zimesukwa karibu sana sindano inaingia kwa nguvu na uzi unakatika. Dada yangu mkubwa eko Marekani anafanya kazi hii, anasema kule wanauza kitambaa cha nyuma cha inchi 108, hiyo ni metri 2,74 ya upana! Huku sijakiona.

Swali, kikwembe mnakifua kwanza? Wateja wangu hawataki, eti kinapoteza mngao.

Mama wa Katindo, Goma
Fua mwanangu. Kikirudi (kikipungua) baada ya kushonwa, nyuma itavuta uso wote. Pima baada ya kufua, si mbele.

Fundi wa Nguba, Bukavu
Aksanti sana wote. Mimi sasa mteja akifika natandika kitambaa chake mezani mbele yake, tunapima pamoja, naandika kwenye karatasi kinakosa ngapi na ukanda utagharimu ngapi, anasaini. Yaya wa Katuba, ile ya kona kwa kona kikwembe kikiwa na ndege wakubwa wamesimama, itakubali?

Yaya wa Katuba, Lubumbashi
Hapana, ndege watapasuka na hawatakutana. Fanya kwa maua madogo ama rangi moja. Kwa ndege weka ukanda wa Mama wa Katindo.