Kusoma Biblia nyumbani wakati kila mtu amechoka

Mama wa Wete:
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Msimu huu wa karafuu nyumba yetu hailali mapema, kwani zinazochumwa mchana huchambuliwa usiku uleule ili asubuhi zianikwe kwenye majamvi. Tulikuwa tumeanza kusoma Biblia tangu Mwanzo, sura tatu kila siku, lakini tulipofika Mambo ya Walawi watoto walianza kusinzia, na baba yao, ambaye hurudi kutoka bandarini akiwa hoi, akawa anasikiliza kwa heshima tu. Nalitafuta neno la kunitia moyo, ila siku hizi nikiiona Biblia juu ya meza ninajihisi kama mtu anayedaiwa. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Mkunazini:
Mwanangu, punguza hizo sura. Zaburi ya 120 hadi ya 134 ni nyimbo 15 zilizopewa jina la Wimbo wa Kupanda Mlima, na nyingi ni fupi mno: ya 131, ya 133 na ya 134 zina aya tatu tatu, na hata ile ndefu kuliko zote, ya 132, ina aya 18 tu. Humo mna mambo ya nyumbani hasa, yaani usingizi, jasho la kazi, watoto walioizunguka meza na ndugu wakaao kwa umoja. Mmoja asome, wengine waendelee kutenga makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawataka wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Sioni mahali ilipodai kwamba kazi isimame kwanza.

Tena, mkichoka laleni. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu hata akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakuanza kwa kumhubiria, bali alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kabla ya ile safari ndefu ya kwenda Horebu.

Mwalimu, Chake Chake:
Nakubaliana na mzee, ila nina tahadhari moja. Wengi wetu tukitaka kutiwa moyo huchukua aya moja tamu na kuiacha sura yake. Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, imo katika barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishiwa Babeli, na aya inayoitangulia inawaambia kwamba watangoja miaka 70. Kwa hiyo anayeisoma peke yake akitarajia shida yake iishe wiki ijayo atavunjika moyo bure. Lakini ukiisoma barua yote utakuta faraja iliyo imara zaidi, kwa kuwa wanaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuwaoza watoto wao, na wautakie amani mji wanaokaa. Huko kungoja kwenyewe kumejaa kazi za kila siku za familia.

Baba wa Tomondo:
Hilo la kuutakia mji amani limenigusa, ingawa sisi tuliozaliwa Unguja hatujioni kuwa wahamishwa! Jirani zetu Waislamu hutuletea futari na sisi huwapelekea chakula cha Krismasi, na wanangu waliielewa aya ya 7 kwa njia hiyo kabla sijawaeleza lolote. Dada, mwache pia kijana wako mkubwa achague somo na asome yeye. Kwangu, baba aliposoma peke yake kila usiku, wasikilizaji walikuwa wachache kuliko waliohudhuria.

Mama wa Wete:
Nimewasikia, na ahsanteni sana. Leo tutaanza na Zaburi ya 120, atasoma binti yangu, na Walawi tutairudia karafuu zikishauzwa. Mwalimu, barua hiyo ya Yeremia inafaa kusomwa yote kwa usiku mmoja, au niigawe?

Mwalimu, Chake Chake:
Igawe. Aya ya 1 hadi ya 7 zinatosha kwa usiku wa kwanza, na ya 8 hadi ya 14 kwa usiku unaofuata.