ThinkPad T450 ya dukani inanifia mikononi: nitengeneze au niuze skrepa?

MamaStesheni

Habari za jioni wakuu. Nina stesheni ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Nachapa ripoti za wanafunzi na barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, natoa kopi. Kazi yote inapita kwenye Lenovo ThinkPad T450, zile nyeusi zenye kinundu chekundu katikati ya kibodi. Niliichukua mtumba 2019: prosesa ya i5 ya kizazi cha tano, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10.

Sasa kazeeka kweli. Asubuhi nikiwasha, nafagia duka, nafuta vumbi kwenye printa, namuuzia mtu bahasha, narudi nakuta kiduara bado kinazunguka. Nikifungua Word na Chrome kwa pamoja, diski inapanda asilimia 100 na kuganda hapohapo. Feni inalia kama mashine ya kusaga. Betri ya nyuma inamaliza dakika ishirini. Na tangu wiki iliyopita tachipadi haibofyi upande wa kushoto, kama imeinuka hivi, na mfuniko ukiufunga unabaki na mwanya.

Fundi wa kwanza kasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, inaelekea kufa, nimwachie alale nayo na niandae laki tatu. Wa pili hakugusa hata skrubu, kasema uza skrepa ununue nyingine. Mfukoni nina laki mbili na nusu, na baada ya wiki tatu wanafunzi wanaanza kukabidhi tafiti zao. Hayo ndiyo mavuno yangu ya mwaka. Nianzie wapi?

Jamaa Fulani

Nunua mpya dada, maisha yenyewe mafupi.

MamaStesheni

Nitumie hela kaka, nakwenda dukani sasa hivi.

Kinundu Chekundu

Dada, mambo ya diski yasubiri. Hiyo tachipadi iliyoinuka ndiyo ya kushughulikia leo. Chomoa chaja, zima mashine.

T450 ina betri mbili. Ile ya nyuma unayoiona, na nyingine nyembamba ya ndani iliyolala mbele, chini ya pale unapoegemeza viganja. Tachipadi ipo juu yake. Betri ya ndani ikivimba haina pa kwenda ila kusukuma juu, ndiyo maana kitufe kimegoma na mfuniko haufungiki. Hiyo ni gesi imejaa ndani ya betri. Ukiendelea kuichaji humo ndani usiku kucha duka limejaa karatasi, unajua mwenyewe.

Habari njema: mashine hii inafanya kazi bila betri ya ndani kabisa. Ukiitoa, utatumia ya nyuma pamoja na chaja, basi. Huna haja ya kununua nyingine sasa.

MamaStesheni

Jamani mikono inatetemeka. Nimezima. Naitoaje? Yule fundi anayetaka alale nayo simwamini tena.

Kinundu Chekundu

Iwashe mara moja bila chaja, bonyeza F1 wakati maandishi ya Lenovo yanatokea. Ingia Config, kisha Power, utaona maneno ya kuzima betri ya ndani. Ukikubali, mashine itajizima yenyewe. Usiichomeke chaja tena, maana chaja ndiyo inayoiamsha hiyo betri. Toa betri ya nyuma kwa zile lachi mbili. Geuza, legeza skrubu za chini zote. Hazitoki, zinabaki zimeshikilia mfuniko wa chini, kwa hiyo usizivute. Halafu pita ukingoni na kadi ya benki iliyokwisha muda, zile klipu zitaachia moja moja kwa mlio wa kutisha. Usiogope mlio.

Betri usiichokonoe na bisibisi, usiikunje, usiibonyeze irudi bapa. Ikishatoka iweke nje juu ya sementi au kwenye ndoo ya mchanga, mbali na watoto. Jalalani usiitupe.

Bisibisi_Nyota

Mimi ni fundi, na nimesoma hapo juu nikacheka na kuumia. Mazabodi inayokufa haionyeshi diski asilimia 100. Hiyo ni diski ya kuzunguka iliyochoka, inabebeshwa Windows 10 na RAM GB 4. RAM ikijaa, Windows inaanza kuitumia diski kama RAM, na diski ya aina hiyo ikiwa nzima inasoma kama MB 100 kwa sekunde, tena kwa faili kubwa zilizopangika. Kwa faili ndogondogo zilizotawanyika inashuka vibaya mno. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ile ya kawaida ya SATA inagusa MB 500, na haina sindano ya kukimbia huku na huko. Kubadilisha diski tu kutakufanya udhani umebadilishiwa mashine.

Ila kabla ya SSD, okoa vitu vyako. Betri ikishatoka, washa kwa chaja na betri ya nyuma, pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ni ya bure. Ikionyesha bluu, pumua. Ikionyesha njano, tazama mistari ya 05, C5 na C6. C5 yenye namba zaidi ya sufuri maana yake kuna sehemu za diski zimeshindwa kusomeka na zinasubiri kuhukumiwa. Hapo usifanye defragi (kupanga upya faili), usiendeshe chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows), usijaribu kuinakili diski nzima kwa pupa. Chukua diski ya nje, nakili kwanza kile ambacho ukikipoteza utalia: daftari la madeni, kazi za wateja ambazo hazijalipiwa, violezo vyako. Picha na muziki baadaye. Diski inayokufa ina pumzi chache, usizimalizie kwenye Bongo Fleva.

Halafu anza upya kwenye SSD: Windows safi, usihamishe takataka za miaka.

Mgeni wa Kihonda

SSD za mtaani kuwa macho. Mimi niliuziwa ya GB 512 kwa bei ya kutupa, ilivyojaa GB 60 ikaanza kula faili zake yenyewe. Siku hiyohiyo ukinunua ijaribu kwa programu ya H2testw, inaandika mpaka mwisho na kusoma tena. Ikikataa, irudishe dukani risiti ikiwa bado moto.

Bisibisi_Nyota

Sahihi. Na T450 inataka ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Za kizamani za milimita 9.5 haziingii.

RAM: kuna nafasi mbili, mwisho GB 16. Nunua DDR3L, soma kibandiko uone PC3L, hiyo herufi L ndiyo ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, muuzaji anaapa kuwa ni ileile, unafika nyumbani mashine haiwaki na unaambiwa tena mazabodi. Kama una kijiti kimoja cha 4, ongeza kimoja cha 8. Kuwa 12 hakuna dhambi yoyote.

MamaStesheni

Kwa hiyo hata fundi akinitengenezea nitajuaje hajanibadilishia vitu? Rafiki yangu alipeleka yenye RAM 8, ikarudi na 4, na kila akiuliza anaambiwa ilikuwa hivyohivyo.

Bisibisi_Nyota

Inatuumiza sote hiyo. Piga picha ya ndani kabla ya kuondoka, vibandiko vya RAM na diski visomeke namba zake. Mwambie fundi unapiga. Fundi safi hatanuna.

Mpenguini

Kwa nini mnamrudisha Windows? Prosesa yake ni ya kizazi cha tano, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Weka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows; toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, na virusi vya flashi za wanafunzi utavisikia kwa majirani.

Mgeni wa Kihonda

Mpenguini umewahi kukaa stesheni saa tatu asubuhi siku ya kukabidhi? Mwanafunzi analeta Word ya kurasa 80 ina majedwali na yaliyomo yanayojipanga yenyewe. Ukiifungua kwenye LibreOffice, ile ya bure badala ya Word, ukurasa wa 34 unakwenda 36, jedwali linapasuka katikati, na msimamizi wake anapima pambizo kwa rula. Utamwambia ni programu huria?

Mpenguini

Sawa, hapo umenipata. Basi abaki Windows 10 ila ajiandikishe ule muda wa ziada wa masasisho ya usalama, unafika Oktoba 13, 2026. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kusawazisha mipangilio hulipi. Na ile diski ya zamani ikipona aweke Mint ya kufungulia flashi za kutiliwa shaka. Nakubali kushindwa nusu.

Kinundu Chekundu

Kuhusu flashi, dada: mwanafunzi akija analia faili zimegeuka njia za mkato, mara nyingi hazijafutwa, zimefichwa. Usibofye zile njia za mkato. Fungua dirisha jeusi la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (herufi ya flashi yake ikiwa E). Zinarudi. Mtoze hata jero, ni huduma.

Kaskazi77

Salaam kutoka Mombasa. Dada yangu, wamekwambia ya ndani, mimi nakwambia ya ukutani. Stima kupotea si tatizo kwa laptopu, ina betri. Tatizo ni inaporudi: inakuja na kishindo, mara juu mara chini, ndipo chaja na vidude vya kuingizia umeme vinapoungua. Tafuta kile kifaa cha kulinda friji, kinangoja dakika kadhaa umeme utulie ndipo kipitishe. Huku kwetu hata kinyozi anacho.

Na printa ya leza usiichomeke kwenye ekstensheni moja na kompyuta, wala kwenye UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Utaona taa inafifia. Basi ujue kompyuta nayo imehisi.

Vumbi mmesahau. Feni inalia kwa kuwa nyavu za kutolea joto zimeziba. Ukifungua, shika mapanga ya feni kwa kidole ndipo upulize, usiyaachie yazunguke kwa kasi ya upepo. Pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto) ikiwa imekauka kama unga, futa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Kinundu Chekundu

La mwisho kwangu: wewe mashine imechomekwa kutwa, na betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa asilimia 100 kwenye joto. Ndivyo ya ndani ilivyovimba, nadhani. Weka programu ya Lenovo Vantage, kuna sehemu ya kuweka kikomo cha chaji. Ianze kuchaji ikishuka 75, iache ikifika 80. Betri ya nyuma ukinunua mpya itakushukuru.

MamaStesheni

MREJESHO, siku ya tisa.

Nilifungua mwenyewe, mwanangu wa kidato cha pili ameshika tochi. Betri imeumuka kama andazi, jamani, nilikaa nayo viganjani miezi mingapi sijui. Ilipotoka tachipadi ikashuka yenyewe na kitufe kikabofya, hapohapo, bila senti. Nimewaza ile laki tatu ya mazabodi nikanyamaza.

CrystalDiskInfo ilikuwa njano, C5 ina 48. Nikaanza na daftari la madeni kama alivyosema Bisibisi, kisha violezo, kisha kazi za wateja. Folda moja ya picha za pasipoti za 2021 ikagoma katikati, nikaiacha. Nimeshaizika.

SSD ya GB 256 na RAM ya 8 nimepata kwa jumla ya 185,000, nikaijaribu SSD na H2testw palepale dukani, muuzaji amekunja uso. Sasa inawaka kabla sijashika ufagio. Kifaa cha friji nimenunua. Hela iliyobaki haitoshi betri ya nyuma, itasubiri mavuno.

Kilichonishinda ni feni. Vumbi lilitoka donge zima kama pamba ya mto, lakini skrubu moja ya bomba la kupozea imekwisha meno, bisibisi inazunguka tu, kwa hiyo pesti sijabadilisha. Kelele imepungua ila nikichapa kurasa nyingi inaanza tena.

Bisibisi_Nyota

Hongera sana dada. Skrubu iliyokwisha meno: weka kipande cha mpira wa bendi pana juu ya kichwa chake, gandamiza bisibisi ya nyota kwa nguvu, zungusha taratibu. Ikikataa iache mpaka msimu upite, usiivunje sasa. Wakati huo inyanyue nyuma kwa vizibo viwili vya soda ipate hewa. Na ile betri iliyovimba?

MamaStesheni

Bado iko kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya duka. Kuna mtu anajua hapa Morogoro wapi wanapokea? Watu wa skrepa wamekuja wameiona wameondoka mbio.

Mgeni wa Kihonda

Duka la simu la jirani yangu hukusanya betri mbovu na kuzipeleka Dar kwa wanaorejeleza. Nitamuuliza kesho kama anachukua na za laptopu. Usipande daladala nayo, nitakuja na pikipiki niichukue na ndoo yake.