OptiPlex 7010 ya gemu: niweke GTX 1650, RX 580, au nibadili mashine nzima?

Kijana_wa_Mbezi (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina Dell OptiPlex 7010 ya mnara, used ya kutoka nje. Ndani kuna prosesa ya i5-3470, RAM 4 GB kijiti kimoja, na HDD ya 500 GB. Monita yangu ina tundu la VGA tu. Nataka mimi na mdogo wangu tucheze GTA V, eFootball, na ikiwezekana FC 24. Mfukoni nina laki nne, basi. Kariakoo nimeshauriwa mambo matatu:

1. Kadi ya picha ya GTX 1650 ya 4 GB, isiyohitaji waya wake wa umeme.
2. Kadi ya picha ya RX 580 ya 8 GB used, pamoja na pawa saplai mpya.
3. Niuze hii, niongeze hela, nichukue mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane.

Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

FundiMnara
Mkuu, kabla ya kadi fungua ubavu wa mashine usome lebo ya pawa saplai. Mnara wa 7010 hutoka na wati 275 kwa mashine nzima. Tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zilizoandikwa uzidishe kwa 12. Ukikuta 17, una wati 204 za kulisha prosesa na kadi.

GTX 1650 inakula wati 75, na zote inazipata kwenye sloti, yaani tundu la ubao mama inapochomekwa. RX 580 inakula 185 na inataka waya wa pini 8 ambao pawa saplai yako haina. Kuna watu watakuuzia kiunganishi cha kugeuza waya za HDD ziwe pini 8. Kikatae. Waya zile hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, zinapata moto hadi plastiki inalainika.

Uzuri wa 7010 ya mnara ni kwamba plagi yake ni ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai yoyote nzuri ya ATX inaingia. 9020 iliyofuata wakaweka ya pini 8 ya kwao wenyewe, ukitaka kubadili lazima utafute waya maalumu.

Mama_Gemu
Mwanangu, anza na RAM na SSD, ile diski ya kasi. Wengi wanakimbilia kadi wakati kijiti ni kimoja. Ongeza DDR3 hadi vijiti viwili vya 4 GB, ziwe pacha, prosesa izisome kwa njia mbili. DDR3 used ni rahisi siku hizi. SSD ya SATA ya 240 GB weka Windows na GTA V, hiyo HDD ibaki ya muvi na faili. Hapo gemu itafunguka haraka, lakini usitegemee SSD ikuongezee fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Fremu zinatoka kwenye kadi na prosesa.

Otieno_Nai
Mimi natetea RX 580. Kwa nguvu inaipita 1650 waziwazi, na 8 GB za kumbukumbu zinasaidia kwenye gemu mpya. Hapa Luthuli Avenue, Nairobi, used zinapatikana. Ila ndugu yangu, nyingi zimechimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, feni zimechoka. Pia pima urefu ndani ya boksi, kuna kadi zinazogonga kreti la HDD.

FundiMnara
Otieno, kwa nguvu sikupingi. Lakini i5-3470 ni ya 2012, kori nne na nyuzi nne, yaani inafanya kazi nne kwa wakati mmoja. Kwenye gemu mpya kadi itakaa ikiisubiri prosesa. Alipie nguvu asiyoitumia, na pawa saplai juu yake? Kwa laki nne hapana. Baadaye akipata i7-3770 used, yenye nyuzi nane, inaingia soketi ileile.

Binti_Tanga
Chaguo la tatu msilipuuze. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Gemu ya Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM hiyo. Mashine yenye i5-8500 ina kori sita halisi. Shida ni kwamba laki nne ikiishia kwenye mashine, kadi utanunua na nini? Kama ungekuwa na uwezo wa kusubiri miezi kadhaa ningekwambia subiri.

Kuhusu gemu zako: GTA V ya awali, wenyewe walipendekeza i5-3470 hiyohiyo na GTX 660, kwa hiyo na 1650 utacheza vizuri kabisa. eFootball haina tabu. FC 24 ndiyo ngumu, kiwango chake cha chini ni i5-6600K na GTX 1050 Ti. Kadi utakuwa umepita, prosesa bado. Usiinunue kwa matumaini.

Kijana_wa_Mbezi
Nimewaelewa, shukrani sana. FC 24 naiacha. Nachukua 1650, RAM na SSD. Jamaa mmoja ana 1050 Ti kwa bei ya chini zaidi, nishuke huko?

FundiMnara
Usishuke. Nvidia ilishaacha kutoa draiva mpya za gemu (programu za kuendesha kadi) kwa familia ya 1050 Ti, wamebakiza za usalama tu. 1650 bado inahudumiwa.

Na 1050 Ti ndizo zinazoghushiwa sana: chipu ya zamani imebandikwa jina jipya. Ukiona ina tundu la VGA, tilia shaka, kwa sababu chipu halisi haitoi VGA. Hata 1650 haina, kwa hiyo kwa monita yako ongeza adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani.

Dukani mwombe achomeke kadi mbele yako, afungue GPU-Z, programu ya kuitambua kadi. Ya kughushi huandikwa FAKE palepale. Hakikisha pia haina tundu la pini 6 juu, maana baadhi ya 1650 zinalo, na hiyo pawa saplai yako haitailisha. Umeme wa kwenu ukiwa unacheza, bakiza hela ya stabilaiza.