Tupeane uzoefu: presha, kilo zako na mazoezi

Mzee wa Mwandiga
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nina miaka 52, kilo 104. Mwezi wa nne nilikutwa na 158/98, nikapewa dawa na kuambiwa nitembee. Kila alfajiri nashika barabara ya kwenda mjini, nikichoka nageuza. Miezi mitatu, mzani umeshuka kilo mbili tu, mke wangu ananicheka. Ila presha juzi ilikuwa 138/86. Sasa kilichofanya kazi ni dawa, miguu au hizo kilo mbili? Wanene kwa wembamba, leteni ya kwenu.

Mama Migebuka, Katonga
Mimi na kilo zangu 97 nilianza kwa kukimbia, ujinga mtupu. Wiki ya pili goti likavimba, nikalala ndani mwezi. Nikaanza upya kwa kutembea tambarare, milima yetu hii nikaiacha, na chumvi nikapunguza. Mwaka mzima zimetoka kilo 11. Daktari kapunguza dozi (yeye, siyo mimi!).

Boda wa Gungu
Kilo 58 na nina 150/95. Kijiweni walicheka, eti presha ni ya wenye vitambi. Baba alikuwa nayo, na mimi kutwa nimekaa kwenye pikipiki, jioni pombe. Pombe nimepunguza, naendesha baiskeli jioni, imeshuka kidogo. Kilo za kupunguza sina, kwa hiyo dawa naendelea nazo.

Nesi mstaafu, Ujiji
Baba wa Mwandiga, mazoezi yanalegeza mishipa yenyewe hata mzani usipotikisika. Kwa mwenye presha, namba ya juu (ile inayoandikwa kwanza) hushuka kama 5 hadi 8. Kilo moja ikitoka, hesabu karibu 1 nyingine. Ndiyo maana kati ya mazoezi na kilo mnene ana njia zote mbili za kushusha, huyo kijana wa boda anabaki na mazoezi tu. Wewe umeshuka 20, piga hesabu: dawa imebeba sehemu kubwa, usije ukaiacha.

Halafu kuna jambo wengi hawaambiwi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma juu kuliko ukweli. Ulizia mkanda mkubwa. Kaa dakika tano kwanza, usipimwe umetoka kupanda mlima unahema. Na pima saa zilezile kila siku, maana ukishapumzika baada ya mazoezi presha hukaa chini kwa saa kadhaa, utajidanganya umepona.

Boda wa Gungu
Kumbe! Mimi napimaga nikitoka tu kwenye baiskeli.

Mzee wa Mwandiga
Mrejesho. Nilikopimwa mwanzo mkanda mkubwa hawana, na aliyekuwepo akaninunia kwa kuuliza. Nimeupata kwingine: 132/84. Mke alinisindikiza, kilo zake 55, naye akakaa kwenye kiti kwa utani. 146/92. Ameambiwa arudi wiki ijayo apimwe tena. Leo alfajiri tumetoka wawili, yeye mbele, mimi nahema nyuma.