Mkanda wangu wa Roma umegeuka mwekundu: je, rangi zake zinaweza kurudi?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Marehemu baba yangu mdogo aliniachia mkanda wa milimita 16 wa safari ya kitalii mjini Roma, uliochapwa miaka ya 1960. Nilipouonyesha ukutani, Colosseum, anga na hata misonobari vilikuwa na wekundu wa tofali. Filamu fupi za miji za James A. FitzPatrick, alizoitengenezea studio ya MGM kwa Technicolor, mfumo wa zamani wa filamu za rangi, miaka ya 1930, bado zina buluu na kijani kilichokolea. Imekuwaje kongwe ikaishinda changa? Natamani sana kujua kuta za Roma zilikuwa na rangi gani.

Jibu la kwanza
Pole, ndugu. Kamera ya Technicolor ilikuwa na mche wa kioo ulioigawa nuru, ikanaswa kwenye negativu tatu za nyeusi na nyeupe, na rangi zenyewe, ambazo ni thabiti, zilitiwa moja baada ya nyingine wakati wa kuchapa nakala. Eastmancolor, mkanda wa rangi wa kampuni ya Kodak ulioingia mwaka 1950, na ambao huenda ndio aina ya wako, iliweka tabaka zote tatu za rangi katika mkanda mmoja. Kazi ikawa rahisi na nafuu, lakini katika nakala za zama hizo samawati (buluu yenye ukijani) huchujuka hata mkanda ukikaa gizani ndani ya kopo. Samawati ndiyo inayozuia nuru nyekundu isipite. Ikipungua, wekundu hufunika kila kitu.

Jibu la pili
Tafadhali usiupitishe tena kwenye projekta. Fungua kopo unuse: harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki ya mkanda imeanza kuoza, na joto na unyevu huharakisha uozo huo. Upelekwe ukaskaniwe picha moja moja. Kompyuta hurudisha sehemu ya rangi iliyofifia, ila iliyokwisha kabisa hubaki kukisiwa.

Jibu la tatu
Kuhusu kuta, hata Technicolor isiaminiwe moja kwa moja. Mikanda yake ya miaka ile ilihitaji nuru nyingi mno, hivyo wapigapicha walipendelea jua kali na viwanja vya wazi. Vichochoro vyenye kivuli, ambamo watu waliishi, huvioni ila kwa nadra tu.

Mwenye swali
Asanteni sana. Nimenusa: siki ipo, hafifu, na ukingo wa mkanda umeanza kujikunja. Nimeutenga na mikanda mingine leo hii, nao utaskaniwa kabla sijaugusa tena.