Tupeane uzoefu: chai ya maziwa yenye viungo, kwenu mnaipikaje?

Mwanzisha uzi, Morogoro
Wadau, habari za asubuhi. Mke wangu kajifungua, leo wiki ya tatu, na jiko nimelishika mimi. Uji naupika, supu naipika, kilichonishinda ni chai ya maziwa. Mara ya kwanza ilikatika, nikadhani maziwa yalikuwa yamelala. Mara ya pili nikachukua kwa jirani, yamekamuliwa alfajiri ileile, ikakatika tena. Juzi kaja mama mkwe. Nafunua sufuria nakuta juu maji ya njano, chini mabonge meupe. Mama akaomba maji ya kunywa, hakusema neno, lakini mimi iliniuma sana.

Viungo ni vizuri, vinashuka kutoka huku kwetu Uluguru: tangawizi mbichi, hiliki, mdalasini, karafuu. Natwanga vyote kwenye kinu, namimina kwenye maziwa, nabandika jikoni. Nakosea wapi? Na kila mmoja aeleze ya kwao, nataka kujifunza.

Mchangiaji, Tanga
Hongera kwa mtoto, mkuu, na hongera kwa kushika jiko.

Kinachokuangusha ni tangawizi. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na kinafanya kazi hasa maziwa yakishapata moto kabla hayajachemka. Wewe unaitia kwenye maziwa ya baridi halafu unayapasha taratibu, yaani unakipa nafasi yote. Ukiichemsha tangawizi kwenye maji kwanza, nguvu hiyo inakufa, inabaki ladha.

Nimelijua hili kwa hasara. Nilikuwa nauza chai karibu na stendi, na asubuhi moja sufuria nzima ya lita tano ilinikatikia wateja wameshakaa kwenye benchi. Mama aliyekuwa anakaanga vitumbua pembeni yangu akaja, akachungulia, akaniambia, "Mwanangu, tangawizi kwanza ioge kwenye maji ya moto ndiyo ionane na maziwa." Tangu siku ile sijamwaga tena.

Kwa vikombe vinne mimi nafanya hivi. Maji vikombe viwili, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyopondwa, hiliki sita zilizopasuliwa, kijiti kifupi cha mdalasini. Yachemke dakika tano nzima, maji yageuke rangi na harufu ifike sebuleni. Tia majani vijiko viwili vya chai, dakika mbili tatu, kisha maziwa vikombe viwili. Hapo usiondoke. Yakipanda punguza moto, yashuke, yapande tena, mara tatu. Sukari mwisho, chuja, weka kwenye chupa. Na maziwa hayo ya jirani lazima yachemke kweli, usiishie kuyapasha, hasa nyumba yenye mzazi.

Mchangiaji, Mombasa
Kwetu tangawizi ni ya kahawa na chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Chai ya maziwa ni hiliki peke yake, na mahamri pembeni. Ukijaza viungo vitano, huli hiliki wala hunywi chai. Huo ndio msimamo wangu na sitoki hapo.

Mchangiaji, Kericho
Hamjambo. Mama yangu alichuna majani chai miaka mingi, majani mawili na kichipukizi, kapu mgongoni tangu umande haujakauka. Kwa hivyo naongea juu ya majani. Watu wengi huyachemsha mpaka basi wakidhani chai itakolea. Haya yetu ya punjepunje yanatoa rangi kwa dakika chache tu. Ukizidisha yanatoa uchungu, halafu unauficha kwa sukari. Mama aliyatia maji yakiwa yanatokota, akahesabu kimoyomoyo, akaleta maziwa. Na kopo la majani alilikalisha mbali na viungo, kwa sababu majani makavu hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu.

Mchangiaji, Maskati
Huku inayotawala ni karaki: majani mengi, hiliki, maziwa ya kopo, inachemshwa muda mrefu mpaka iwe rangi ya tofali. Watu wanasimamisha gari nje ya mkahawa, wanaletewa dirishani. Ni tamu, nami nainywa kila siku.

Lakini nyumbani napika ya bibi yangu wa Unguja. Yeye alitia hiliki pamoja na maganda yake, na chai ikikaribia kuiva alichota kwa upawa, akauinua juu usawa wa uso, akamimina irudi sufuriani, tena na tena, mpaka juu kukaa povu. Ndivyo alivyozuia maziwa kufanya utando. Wanangu wamezaliwa huku, na wakisikia ule mlio wa chai inayomiminwa wanakuja jikoni bila kuitwa.

Mchangiaji, Isiolo
Jaribuni maziwa ya ngamia. Vyombo vya maziwa huku hufukizwa moshi wa kuni, na moshi ule unabaki kwenye chai. Mdalasini na hiliki vinatosha. Nilipohamia huku kikazi kikombe cha kwanza kilinishinda. Sasa nikienda likizo kwetu Kisii naikosa.

Mchangiaji, Dodoma
Mimi ni muuguzi, naongeza moja tu kwa mwanzisha uzi. Kama shemeji bado anameza vidonge vya kuongeza damu, asivimeze kwa chai wala karibu na chai. Majani ya chai yanazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Apishe saa moja au mbili.

Mwanzisha uzi, Morogoro
Dada muuguzi, asante sana, alikuwa anavimeza na kifungua kinywa, leo tumebadilisha.

Mkuu wa Tanga, nimerudi na majibu. Nimepika saa kumi jioni, haikukatika! Imetoka laini, mke wangu kamaliza kikombe akaomba cha pili. Ila kuna ukali unabaki kooni, kama ganzi kwenye ulimi. Nilitia karafuu kumi.

Mchangiaji, Tanga
Kumi? Mkuu, tia mbili. Na mama mkwe anarudi lini?

Mwanzisha uzi, Morogoro
Jumamosi. Maziwa nimeshaagiza.